Kabla Hujauliza "GB Ngapi?": Kuchagua Diski Mpya ya Kompyuta ya Nyumbani

Juzi nilisimama kaunta kwenye duka la vifaa vya kompyuta, upande wa Uhindini hapa Dodoma, nikisubiri kuletewa chaja. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja aliyetoka kazini, kitambulisho bado kinaning'inia shingoni. Alieleza kwamba kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito mno: watoto wanaiwasha, wanaenda kuoga, wakirudi ndiyo kwanza inamalizia kuwaka. Fundi wa mtaani kwake amemwambia hadidiski imechoka, atafute nyingine. Swali lake la kwanza, na ndilo pekee aliloliuliza, lilikuwa hili: "Mna za GB ngapi?"

Kijana wa dukani akampangia tatu juu ya kioo. Ya kwanza ilikuwa nzito kama kipande cha tofali, TB 1, yaani GB 1,000. Ya pili bapa na nyepesi, inaingia mfuko wa shati, GB 480. Ya tatu nyembamba kama kijiti cha bablishi, GB 256. Ile ya TB 1 ndiyo iliyokuwa na bei ya chini kuliko zote. Mama akaishika, akaipima uzito mkononi, akasema, "Kumbe hii kubwa ndiyo rahisi? Basi nifungie hii." Akalipa, akaondoka.

Chaja yangu ilipoletwa alikuwa ameshapanda bajaji. Nimeendelea kumfikiria, kwa sababu fundi akishaifunga ile diski, kompyuta itawaka taratibu karibu kama zamani. Amenunua nafasi, wakati shida yake ilikuwa kasi. Na kosa si lake. Hakuna aliyemwambia kwamba vitu vile vitatu, ingawa vyote vinaitwa "hadidiski" kaunta, ni vitu tofauti kabisa ndani yake.

Mkanganyiko huu umezidi siku hizi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikisha mwisho huduma ya kawaida ya Windows 10, na watu wengi wakaanza kuambiwa mashine zao hazifai tena, wabadilishe hiki na kile. Wakati huohuo bei za chipu za kumbukumbu zimepanda duniani, kwa kuwa viwanda vinaelekeza chipu kwenye vituo vikubwa vya akili unde. Desemba 2025 kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza hata kuachana na Crucial, jina lake la RAM na SSD (vifaa vya chipu vya kumbukumbu na vya kuhifadhia, tutavieleza) zinazouzwa kwa watumiaji wa kawaida kama mimi na wewe. Fedha ya kubahatisha haipo. Kwa hiyo tuanze mwanzo.

Meza na masijala

Kwenye simu tumezoea kusema "memori imejaa", tukimaanisha nafasi ya picha na video. Tukihamia kwenye kompyuta, neno hilohilo moja linatupoteza, maana humo kuna "memori" mbili zenye kazi tofauti.

Dodoma ni mji wa ofisi, basi tuchukue mfano wa ofisi. Yupo ofisa mmoja mwenye kazi nyingi: huyo ni prosesa. Mbele yake ipo meza: hiyo ni RAM. Na kwenye korido ipo masijala, chumba cha majalada yote ya idara: hiyo ndiyo diski, iwe ya aina gani. Ofisa hafanyii kazi jalada likiwa masijala. Lazima lifuatwe, liletwe, lifunguliwe mezani. Akimaliza, linarudishwa. Umeme ukikatika, meza inafagiliwa tupu papo hapo, lakini masijala inabaki kama ilivyo. Ndiyo maana barua uliyokuwa unaichapa bila kuihifadhi inapotea, na ile ya jana iliyohifadhiwa unaikuta.

Sasa ofisa akiwa na meza ndogo, kila akihitaji jalada jipya anarudisha la zamani masijala, kisha dakika ileile analihitaji tena. Kazi inageuka kuwa mbio za kwenye korido. Kompyuta yenye RAM ya GB 2 au 4 inaishi maisha hayo. Kwa hiyo kabla hujanunua diski yoyote, hakikisha tatizo ni masijala wala si meza. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati kompyuta inasuasua. Utaona safu za asilimia. Safu ya Memory ikiwa imeganda kwenye 90 na kitu, meza ni ndogo, ongeza RAM. Safu ya Disk ikiwa inagonga 100 muda wote huku prosesa imetulia kwenye 10 au 15, ofisa amekaa anasubiri masijala. Mara nyingi kwenye mashine hizi zilizotumika Ulaya na kuletwa huku zikiwa na diski yake ya zamani, ni hiyo ya pili.

Karani mmoja anayetembea

Ile diski nzito ya TB 1 ndiyo hadidiski ya asili, mafundi wanaiandika HDD. Ndani yake kuna sahani ngumu zenye utando wa sumaku, zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Mara 7,200 kwa dakika ni mizunguko 120 kila sekunde. Juu ya sahani kuna mkono wenye kichwa kidogo kinachosoma, kikielea kwenye utando wa hewa mwembamba kuliko unywele mara maelfu. Wazo lenyewe ni la zamani: IBM waliitoa ya kwanza mwaka 1956, mashine yenye sahani 50 za kipenyo cha inchi 24, na zote kwa pamoja zilibeba karibu megabaiti 5. Picha moja ya simu ya leo ingeijaza.

Nadhani ni kazi nzuri sana ya uhandisi na sipendi kusikia inabezwa. Lakini ina udhaifu mmoja usiotibika: kichwa lazima kisafiri. Ni masijala yenye karani mmoja. Akiombwa jalada, anatembea hadi rafu husika, anasubiri rafu izunguke ifike mbele yake, ndipo anasoma. Safari moja inamchukua kama milisekunde 10 hivi, wakati mwingine zaidi. Si muda, utasema. Ila ukigawa sekunde moja kwa milisekunde 10 unapata safari 100, basi. Huo ndio uwezo wake wa kutafuta vitu vilivyotawanyika: kama mia kwa sekunde.

Sasa fikiria Windows inapowaka. Haiombi jalada moja kubwa. Inaomba maelfu ya vijalada vidogo vilivyotapakaa: fonti hii, mpangilio ule, kipande cha programu ya kuzuia virusi, picha ya nyuma ya skrini. Tuseme ni maombi 10,000. Karani wa safari 100 kwa sekunde atatumia sekunde 100, karibu dakika mbili, na hapo bado hujafungua kivinjari. Ndiyo sababu watoto wa yule mama wanapata muda wa kwenda kuoga.

SSD, ile bapa na ile ya kijiti, haina sahani wala mkono wala karani. Ni chipu tupu, ndugu wa flashi unayoijua, lakini iliyojengwa kwa ustadi zaidi na kusimamiwa na chipu nyingine yenye akili ya kugawa kazi. Ni masijala ambayo kila jalada lina kidirisha chake na ofisa anachukua kwa kunyoosha mkono. Ombi moja linajibiwa kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde, na maombi mengi yanajibiwa kwa wakati mmoja. Hata SSD ya kawaida inahudumia maelfu mengi ya maombi kwa sekunde. Yale 10,000 yanaisha kabla hujavuta kiti.

Hapa ndipo matangazo yanapotupoteza, na naomba tukae hapa kidogo. Kwenye boksi huandikwa kasi ya kusoma faili moja kubwa lililonyooka. Kwa kipimo hicho HDD inafikisha megabaiti 150 hivi kwa sekunde, SSD ya kawaida inafikisha 500 na zaidi. Ukiangalia namba hizo unasema tofauti ni mara tatu au nne, na bei ya HDD inavutia, basi nivumilie. Lakini kompyuta ya nyumbani haishindi ikisoma faili moja kubwa. Inashinda ikiokota vijipande, na kwenye kuokota tofauti si mara tatu, ni mara mia na zaidi. Namba muhimu kuliko zote haijaandikwa kwenye boksi lolote nililowahi kulishika dukani.

Na ukishaelewa hilo, la pili linaeleweka lenyewe. Ile ya kijiti, ikiwa ni ya aina ya NVMe, yaani inayotumia njia ya mawasiliano yenye kasi zaidi, boksi lake litakwambia megabaiti 3,500 kwa sekunde, au 7,000, na zipo mpya zinazopita hapo kwa mbali. Muuzaji atakwambia ni mara saba ya ile bapa. Ni kweli kwa mtu anayehariri video nzito au kuhamisha mafaili makubwa kutwa. Kwa anayechapa ripoti, kulipia huduma mtandaoni na kuwaonyesha watoto masomo, tofauti kati ya SSD bapa na NVMe ni ndogo kiasi kwamba ukimfunga kitambaa asione ni ipi, atabahatisha. Aliyehama kutoka karani anayetembea kwenda kwenye vidirisha amepata karibu faida yote. Upana wa mlango wa masijala unakuja baadaye.

Wala hakuna diski itakayoongeza kasi ya intaneti yako. Hiyo inatoka kwenye mnara au kebo, si kwenye kasha la kompyuta.

Mashine yako inapokea nini

Swali la kwanza dukani, basi, liwe: "Kompyuta yangu inapokea ipi?" Na jibu analo fundi aliyeifungua, au wewe mwenyewe ukiwa na bisibisi na dakika tano.

HDD ya kompyuta ya mezani ni ya umbo liitwalo inchi 3.5. Ya laptopu ni inchi 2.5. SSD bapa zote ni za inchi 2.5, na zinatumia njia ileile ya kuunganishia iitwayo SATA: waya mmoja mwembamba wa data kutoka kwenye mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta, na mwingine wa umeme kutoka kwenye pawasaplai. Hii ndiyo habari njema kwa wenye mashine za zamani. Kompyuta ya mwaka 2012 yenye hadidiski ya SATA inapokea SSD bapa ya leo bila ugomvi. SATA ya kizazi cha tatu inaishia kwenye megabaiti 550 hivi kwa sekunde. Mashine ya kizazi cha pili itaipunguza hadi karibu nusu, lakini kuokota vijipande kutabaki kwa kasi, na hicho ndicho tunachokinunua. Kwenye kasha la mezani SSD bapa itaonekana kama imepotea ndani ya nafasi ya inchi 3.5. Kuna fremu ndogo za kuishikilia, ila hata ikifungwa skrubu mbili upande mmoja inatosha, maana haina kinachozunguka wala kutikisika.

Ya kijiti inataka tundu maalumu kwenye mazabodi liitwalo M.2. Kompyuta nyingi za kabla ya mwaka 2015 hivi hazina tundu hilo. Na hata likiwepo kuna mtego ambao nimeona mafundi wazuri wakinaswa: umbo la M.2 linabeba aina mbili za SSD. Ipo ya M.2 inayozungumza SATA, na ipo ya M.2 inayozungumza NVMe. Ukizitazama haraka ni mapacha. Tundu jingine linakubali moja tu kati ya hizo. Ukinunua isiyo yake, mara nyingi itaingia, skrubu itafungwa, na kompyuta itakuwa kama haijaiona. Soma kitabu cha mashine au andika jina kamili la modeli kwenye intaneti kabla ya kutoa pesa. Namba 2280 iliyoandikwa kwenye kijiti ni vipimo tu: upana milimita 22, urefu milimita 80. Kuna laptopu zinazopokea vifupi zaidi.

Jambo moja la kuweka sawa, kwa sababu limeenea: kubadilisha diski hakuifanyi kompyuta ya zamani istahili Windows 11. Masharti yanayowakwamisha wengi ni aina ya prosesa na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na hizo hazikai kwenye diski.

Sasa uliza GB ngapi

Ukubwa una nafasi yake, na hapa ndipo pake. Kwanza usishtuke: diski iliyoandikwa TB 1 ukiifunga Windows itakuonyesha GB 931. Ya GB 500 itaonyesha 465. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kilo kuwa 1,000, Windows inahesabu kuwa 1,024, na tofauti inakua kila unapopanda ngazi. Ni kama debe la sokoni Majengo na debe la Kibaigwa: mahindi ni yaleyale, kipimo ndicho kinachotofautiana.

Microsoft inataka angalau GB 64 kwa Windows 11, lakini huko ni kukaa mlangoni. Kwa maoni yangu GB 240 ni ya chini kabisa kwa nyumba, na GB 480 au 500 ndiyo inayokaa vizuri: Windows, programu za ofisi, mafaili ya kazi, na nafasi inabaki. Hiyo nafasi inayobaki si anasa. SSD inahitaji sehemu tupu ya kupangia vitu vyake, na ikijaa hadi ukingoni inaanza kusuasua.

Na picha za harusi, video za ubarikio, nyimbo za kwaya, filamu? Hizo ni majalada yanayosomwa mara chache na kwa mfululizo, kazi ambayo karani anayetembea anaiweza vizuri. Ziweke kwenye HDD. Kompyuta ya mezani inapokea diski mbili kwa wakati mmoja bila shida: SSD ya wastani kwa ajili ya Windows na programu, HDD kubwa kwa ajili ya kuhifadhi. Kwa fedha ya kawaida ya mtumishi huu ndio mpango ninaouamini kuliko kununua SSD moja ya TB 2. Ila ukinunua HDD ya kufunga Windows kwenye mashine ya zamani sana, usivuke TB 2. Nyingi haziwezi kuwaka kutoka kwenye diski iliyopita ukubwa huo.

Kuna HDD ambazo mistari yake ya data imepandana kidogo, kama mabati ya paa yanavyolaliana, ili zibebe zaidi. Zinaitwa SMR. Kusoma hazina tatizo, lakini ukitaka kubadilisha bati la chini lazima uyainue ya juu yake, kwa hiyo kuandika mafaili mengi kwa mkupuo kunazichosha. Kwa kuweka picha na kuziacha, zinafaa. Kwa kufunga Windows juu yake, hapana.

Umeme, vumbi na joto la Dodoma

"SSD zinakufa haraka." Nimelisikia hili hata kwa watu wa kompyuta. Lina mzizi wa kweli: kila chembe ya SSD inaandikwa idadi fulani ya mara, kisha inachoka. Mtengenezaji huandika kikomo hicho kwa TBW, yaani terabaiti anazokuhakikishia kuandika. Chukua Kingston A400 ya GB 240, moja ya SSD za bei ya chini. Kikomo chake ni TB 80. Nyumba ikiandika GB 20 kila siku, ambazo ni nyingi, itachukua siku 4,000, karibu miaka 11. Kompyuta yenyewe itakuwa imeshahamia kwa mjomba kijijini.

Kilicho kweli ni namna zinavyokufa. HDD mara nyingi hubisha hodi: inagonga, inalalamika, mafaili mengine yanagoma kufunguka, unapata wiki mbili za kuhamisha vitu. SSD inaweza kuzimika asubuhi moja bila kuaga. Na kuokoa data kutoka kwenye SSD iliyokufa ni kugumu zaidi. Hiyo si sababu ya kuikimbia, ni sababu ya kuwa na nakala mahali pengine. Wala usiitumie SSD kama sanduku la kufungia kabatini miaka mitano. Chipu zinashikilia data kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo hupungua ikikaa muda mrefu bila kuwashwa, hasa kwenye joto. Kwa kumbukumbu za kabatini HDD ya nje ni bora.

Umeme kukatika ghafla unaumiza zote mbili, kwa njia tofauti. HDD inaweza kukatizwa katikati ya kuandika, ingawa kichwa chake kimetengenezwa kijirudishe pembeni umeme ukiondoka. SSD inaweza kupoteza kilichokuwa bado hakijatua kwenye chipu. Laptopu ina betri yake. Kwa kompyuta ya mezani, UPS ndogo, kisanduku cha betri ya akiba, inayokupa dakika tano za kuhifadhi kazi na kuzima ina thamani kuliko kupanda daraja la diski. Ningekuwa na fedha ya kimoja tu kati ya NVMe ya bei na SSD ya kawaida pamoja na UPS, ningechukua hivyo viwili vya mwisho bila kusita.

Vumbi letu la kiangazi watu wanalilaumu kuingia ndani ya hadidiski. Haliingii, HDD imefungwa, na kitundu chake cha kupumulia kina chujio. Vumbi linaua kwa kuzunguka: linaziba feni, joto linapanda ndani ya kasha, na joto ndilo linaloila diski. Puliza kasha kwa blowa kila baada ya miezi michache, hasa kati ya Juni na Novemba. Mwinuko nao si tatizo. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na HDD za kawaida zimetengenezwa kufanya kazi hadi mita 3,000 hivi, kwa hiyo ule utando wa hewa unaobeba kichwa upo wa kutosha hapa.

Bandia, na zilizochoka

Miaka michache iliyopita nilinunua SSD ya nje ya TB 2 kwa bei iliyonifurahisha, kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni. Kompyuta ikaisoma: TB 2 kamili. Nikahamishia picha za familia, zikaingia, majina yote yakaonekana. Miezi miwili baadaye nikafungua picha za marehemu baba. Za mwanzo zilifunguka, zilizobaki zilikuwa majina matupu. Nilipoifungua kasha nikakuta kijikadi kidogo cha kumbukumbu kimegundishwa ndani. Kilikuwa kimefundishwa kudanganya ukubwa wake, na kila kilichozidi uwezo wake kilikuwa kinaandikwa juu ya kingine. Picha zile sikuzipata tena.

Tangu siku hiyo, diski yoyote mpya inayoingia nyumbani kwangu naijaza kwanza kwa programu ya bure iitwayo H2testw. Inaandika hadi mwisho, kisha inasoma kila kitu kuona kama kimerudi kilivyoandikwa. Inachukua saa kadhaa. Iache usiku.

Kwa zilizotumika, ambazo kwenye soko letu ni nyingi na si vibaya kuzinunua, mwombe muuzaji aichomeke na kufungua programu nyingine ya bure, CrystalDiskInfo. Tazama vitu viwili. Saa ilizofanya kazi: mwaka mzima una saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 35,000 imekesha miaka minne. Kisha namba ya sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizohamishwa kwa kuharibika na zinazosubiri kuhamishwa. Ikiwa si sifuri, irudishe taratibu kwenye kioo. Saa zenyewe zinaweza kufutwa na mtu mwenye nia mbaya; mwanzoni mwa 2025 huko Ujerumani chombo cha habari za teknolojia, Heise, kilifichua hadidiski za Seagate zilizotumika zikiuzwa kama mpya baada ya kumbukumbu zake kusafishwa. Kama yametokea huko, hapa tusione aibu kukagua. Dai risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa. Muuzaji mwaminifu hachukii kuombwa.

Kabla fundi hajagusa bisibisi

Nakili kwanza. Hata kama anasema atahamisha kila kitu jinsi kilivyo, nakili mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje mwenyewe. Diski iliyochoka hufa zaidi wakati wa kuhamishwa, maana hapo ndipo inasomwa yote kwa mara moja. Kama kompyuta yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows kwa data ya diski, hakikisha unao ufunguo wa kuifungulia kabla haijaguswa.

Na usiiache ile ya zamani kwa fundi kama zawadi. Kufomati kwa haraka kunafuta orodha ya majalada mlangoni, majalada yenyewe yanabaki kwenye rafu, na programu za kuyarudisha zipo bure. Humo kuna nakala za vyeti, hati ya kiwanja, namba za NIDA za nyumba nzima. Ikiwa bado ni nzima, ifute kwa kuiandika upya yote, au ifanye ya kuhifadhia. Ikiwa imekufa, itoboe kwa drili.

Nikirudi kwa yule mama: kama kwa bahati unasoma hapa, ile TB 1 haijapotea. Ipe kazi inayoiweza. Mwambie fundi atazame kwenye mazabodi, karibu na waya wa SATA uliopo. Kwenye kompyuta nyingi za mezani kuna tundu lingine tupu la namna ileile. Rudi dukani uchukue ile bapa ya GB 480, au hata ya 240, pamoja na waya mmoja wa SATA. Windows iwekwe upya kwenye hiyo bapa. TB 1 ibaki hapohapo ndani, ya picha na video za watoto.